Fahamu: Jinsi barabara inavyochorwa kwenye kompyuta kabla ya greda kufika

Wanafika asubuhi, watu watatu au wanne wamevaa reflekta. Wanasimamisha chombo chenye miguu mitatu kando ya njia. Mmoja anashika fimbo ndefu na kuingia nayo kwenye migomba, wanagonga vigingi vyenye rangi nyekundu, kisha wanaondoka. Wakazi wanabaki wakiulizana: wamepima nini, na barabara itapita wapi?

Swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Nshambya na kata nyingine za Manispaa ya Bukoba, na pia kutoka Bukoba Vijijini na Muleba. Katika makala hii tunaeleza kazi inayofanyika kati ya siku ile ya vigingi na siku greda linapofika. Kazi hiyo siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta. Ni vizuri kuielewa, kwa sababu kosa likiingia hapo, linaweza kuishia kwenye kibanja chako.

Programu hizi ni nini?

Zamani mhandisi alichora barabara kwa mkono, juu ya karatasi kubwa, kwa rula na penseli. Akitaka kuisogeza barabara mita chache, alilazimika kupiga hesabu upya na kuchora upya.

Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ya Marekani ilitoa AutoCAD, programu ya kuchorea michoro kwenye kompyuta. Baadaye kampuni hiyo ikatoa Civil 3D, ambayo ni ya wahandisi wa barabara, mabomba na mifereji. Kampuni ya Bentley nayo ina OpenRoads. Leseni za programu hizo hulipiwa, na kwa kampuni ndogo gharama yake si ya mchezo. Ipo pia QGIS, programu ya ramani iliyoanza mwaka 2002, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure.

Tofauti kubwa na karatasi ni hii: ndani ya programu hizi barabara imefungwa na ardhi yake. Mhandisi akisogeza kona moja, kompyuta inahesabu upya mwinuko, kina cha kukata mlima na kiasi cha kifusi. Anaweza kujaribu njia tano tofauti kabla hajachagua moja.

Ardhi inaingiaje kwenye kompyuta?

Kompyuta haijawahi kufika Nshambya. Inaujua mlima kwa namba tu. Kila sehemu iliyopimwa ina namba tatu: iko wapi kuelekea mashariki, iko wapi kuelekea kaskazini, na iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kwa mfano, uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi ya Bukoba inapanda.

Programu huunganisha alama hizo kwa mistari na kutengeneza pembetatu nyingi zilizoshikana, kama wavu uliotandikwa juu ya mlima. Alama zikiwa nyingi na karibu karibu, wavu unakaa vizuri na kufuata kila bonde. Zikiwa chache, wavu unapita juu kwa juu, na bonde dogo linapotea.

Namba hizo hupatikana kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni ramani za zamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idara ya upimaji ya Uingereza ilianza kutengeneza ramani za Tanganyika kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Katika ramani hizo, sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Zinafaa kuonyesha mlima na mto, lakini hazitoshi kuchora barabara ya mtaa.

Ya pili ni vipimo vya kutoka angani. Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Kwa miaka mingi nchi zetu zilipata bure vipimo vilivyopishana mita 90. Mwaka 2014 Marekani ilianza kutoa vya mita 30. Hata hivyo, mita 30 kwa 30 ni karibu robo ekari, na eneo lote hilo linapewa namba moja tu ya mwinuko. Korongo la upana wa mita tatu nyuma ya nyumba yako halionekani humo.

Ya tatu ni droni. Inaruka na kupiga mamia ya picha zinazopandiana, kisha kompyuta inazioanisha na kupata umbo la ardhi. Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni mwaka 2016, kisiwa kizima, kwa ajili ya ramani.

Ya nne ndiyo ile ya miguu mitatu na fimbo. Ni ya polepole na inachosha, lakini mpimaji anakanyaga udongo wenyewe. Kwa barabara ya kujengwa kweli, hakuna kinachochukua nafasi yake.

Kibanja na rweya si sawa

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Kagera wanapaswa kulielewa vizuri zaidi.

Droni ikiruka juu ya rweya, penye majani mafupi, inaiona ardhi na vipimo vinatoka vizuri. Ikiruka juu ya kibanja, inaona majani ya migomba, mikahawa na miti ya kivuli. Picha haiwezi kuonyesha kilichofunikwa. Rada ile ya mwaka 2000 nayo ilikuwa na shida hiyo hiyo: penye miti ilipima karibu na vichwa vya miti, si chini. Upo mtambo unaotumia mwanga wa leza, ambao baadhi ya miale yake hupenya kati ya majani hadi chini, lakini ni wa gharama kubwa.

Kwa hiyo mchoraji asipokuwa makini, kibanja chenye migomba ya mita tatu au nne kinaweza kuingia kwenye kompyuta kama kilima kidogo, na mfereji uliopo chini ya migomba ukafutika kabisa.

Kosa la mita moja lina thamani gani? Chukua barabara ya upana wa mita 6 na kipande cha urefu wa mita 100. Ardhi ikikosewa kwa mita moja tu ya kimo, ni mita za ujazo 600 za udongo. Kwa lori la kubeba mita za ujazo 10, hizo ni tripu 60 ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Kwa nini barabara inazunguka?

Wengi huuliza kwa nini barabara isipande moja kwa moja badala ya kukunja na kuingia kwenye vibanja vya watu.

Tuseme njia inapanda mita 60 ndani ya umbali wa mita 500. Huo ni mteremko wa asilimia 12. Pikipiki itapanda, lakini lori lenye mzigo wa ndizi au kahawa litapata shida mvua ikinyesha, na maji yatashuka kwa kasi na kuchimba barabara. Mhandisi akitaka kuushusha mteremko hadi asilimia 8, anahitaji mita 750 kwa kupanda kimo kile kile. Mita 250 zilizoongezeka lazima zipatikane mahali, na ndiyo sababu barabara inakunja kona.

Njia nyingine ni kuukata mlima. Hapo kompyuta inaonyesha mahali pa kukata na mahali pa kujaza, ili udongo unaotoka juu utumike chini. Lakini ukingo uliokatwa wima sana unaweza kuporomoka, pamoja na nyumba iliyo juu yake.

Maji ndiyo yanayoamua

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Wakazi wa mjini wanajua jinsi Mto Kanoni unavyofurika.

Kwa kutumia wavu ule wa pembetatu, programu inaonyesha maji ya mvua yatatoka wapi na kukusanyika wapi, na hapo mhandisi anachora kalavati. Tufanye hesabu moja. Eneo la hekta 10 likinyeshewa milimita 50 kwa saa moja, ni mita za ujazo 5,000 za maji. Nusu ikizama ardhini, nusu inayobaki inashuka kama lita 700 kwa sekunde. Hizo ni ndoo 35 za lita 20, kila sekunde moja, kupitia kalavati moja.

Sasa fikiria korongo ambalo halikuonekana kwenye vipimo. Kompyuta haitaweka kalavati hapo. Mvua ya kwanza ya masika, maji yataizunguka barabara na kutafuta njia nyingine. Mara nyingi njia hiyo ni kibanja cha mtu aliye chini ya barabara.

Mstari, hifadhi na alama ya X

Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Za wilaya na za mitaa, zikiwemo nyingi za ndani ya Nshambya, ziko chini ya TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017.

Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo maana kwenye barabara hizo kuna X za rangi mbili. Kwa kawaida nyekundu ni kwa jengo lililo ndani ya mita 22.5 za zamani, ambalo halilipwi fidia. Ya kijani ni kwa jengo lililo ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa, ambalo mwenyewe anastahili fidia likihitajika kuondolewa. Barabara za TARURA zina upana wake, hivyo usitumie kipimo cha barabara kuu kwa njia ya mtaani kwako. Uliza.

Kumbuka kwamba hifadhi inapimwa kutoka mstari wa katikati. Kona ikinyooshwa kwenye kompyuta, mstari unahama, na mipaka inahama pamoja nao.

Uwaambie nini wapimaji?

Wakati wa kusema ni pale vigingi vinapogongwa, kabla mchoro haujasainiwa na mkandarasi hajapatikana. Baada ya hapo kila badiliko lina gharama. Mambo haya mpimaji hawezi kuyaona kwa siku moja, hasa akija kiangazi:

1. Maji ya masika yanapita wapi, na yalifika wapi mwaka yalipozidi. Muonyeshe alama ukutani au kwenye mti.
2. Chemchemi na mahali panapobaki na unyevu hata kiangazi.
3. Mahali ardhi ilipowahi kuporomoka au kupasuka, hata kama ni zamani. Wazee wanapajua.
4. Mabomba ya maji yaliyofukiwa.
5. Makaburi ya familia ndani ya kibanja, hata yasiyo na zege juu.
6. Mahali watoto wa shule wanapovukia, na njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji.

Usimwambie kigingini tu na kuishia hapo. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa au kijiji, aandike, na yafike kwa mhandisi wa TARURA au TANROADS. Mkutano wa hadhara ukiitishwa, nenda, na uombe kuonyeshwa mchoro. Huhitaji kujua kompyuta ili kuuelewa. Tafuta nyumba yako, tafuta mstari wa katikati, kisha uliza swali moja: "Maji ya hapa kwangu mmeyapeleka wapi?"

Na kigingi usiking'oe. Kuking'oa hakuzuii barabara, kwa sababu namba zake zimeshahifadhiwa. Kinachopotea ni alama ambayo wewe mwenyewe ungeitumia kuonyesha kwamba mstari umekosewa.