Kabla Uniambie "Ifanye Ikae Safi"

Juzi mteja alinirudishia bango mara ya tatu. Rangi mob sana, akasema, ifanye ikae safi. Alitaka nafasi nyeupe, herufi zisizo na vijimkia, kila mstari uanzie kushoto. Nikafanya, rent hainingoji. Lakini bana, huo "usafi" watu huuongelea ni kama ulishuka kutoka mbinguni.

Ulitoka Uswizi, hasa Zürich na Basel, miaka ya 1950. Ile ni nchi ya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, kwa hivyo maneno yaleyale huchapishwa kwa lugha mbili tatu, na hakuna lugha inataka kubanwa kwa kona. Ukigawa ukurasa kwa gridi, kila moja inapata safu yake. Jarida lao, Neue Grafik, lilianza 1958 likiwa na lugha tatu.

Na kazi yenyewe ilikuwa moto, sitadanganya. Tafuta bango la Beethoven la Josef Müller-Brockmann, la 1955. Hakuna sura ya mtu, hakuna fidla. Ni vipande vya duara vilivyopimwa kwa hesabu, na bado unaskia muziki. Miaka miwili baadaye ikaja fonti ambayo tangu 1960 inaitwa Helvetica, na kampuni kubwa za Marekani zikaidaka.

Sasa hapa ndipo wale wa "safi" hunyamaza. Jan Tschichold, Mjerumani, ndiye alihubiri mambo haya mapema, kwa kitabu chake cha 1928. Wanazi walipochukua nchi 1933 wakamkamata, na baadaye akatorokea Basel. Unadhani angeishikilia imani yake hadi kufa, sindiyo? Wapi! Mwaka wa 1946, akibishana na Max Bill, aliandika kwamba ule ukali wa kukataa njia nyingine zote unafanana na tabia ya watu waliomfukuza kwao. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza kupanga vitabu vya Penguin, na vingi akavipa herufi zenye vijimkia, kichwa katikati ya ukurasa.

Müller-Brockmann alibaki na gridi na akafanya maajabu. Sioni shida. Shida yangu ni mtu kuniambia gridi haina kwao, eti rangi zangu ndizo ziko na kabila.

Lile bango la kwanza sijalifuta. Nimempostia mteja yote mawili, naona tiki za bluu tu.