Kabla ya Potluck Kulikuwa na Duol

Kila Desemba simu inajaa video zile zile. Jikoni safi, oveni kubwa, mtu anapanga kuku, viazi na jibini kwenye sahani ya kioo, halafu anakwambia: tengeneza leo usiku, kesho peleka potluck, kila mtu anakuja na chake, hakuna mwenye nyumba anayechoka. Na sisi tunaangalia kama wanafunzi, eti wazungu wameleta kitu kipya.

Wasee, hebu tuongee ukweli. Hiyo kitu imekuwa ziwani miaka mingi kabla ya oveni kufika. Haikuwa ya Desemba peke yake, ilikuwa kila jioni. Ilikuwa na mahali pake, sheria zake na vyakula vyake vya kupikwa mapema. Pia ilikuwa na kasoro moja kubwa ambayo bado tunatembea nayo. Nitafika hapo.

Tuanze na neno lenyewe. "Potluck" liko kwenye maandishi ya Uingereza tangu karne ya 16, na enzi hizo halikumaanisha kuchanga sahani. Lilimaanisha mgeni ametokea ghafla, basi ale bahati yake, chochote kitakachopatikana kwenye chungu. Maana ya kila mtu aje na chakula chake ilikuja baadaye sana, na Marekani ndiyo iliyoipa nguvu. Ile sahani yao maarufu ya maharagwe mabichi, supu ya uyoga na vitunguu vya kukaanga, ilibuniwa 1955 na Dorcas Reilly, mwanamke aliyefanya kazi kwenye jikoni la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell. Kampuni ilitaka kuuza supu ya mkebe. Reilly akatoa kitu rahisi ambacho mama mwenye shughuli nyingi angeweza kupanga mapema na kuoka baadaye. Si vibaya. Lakini sahani hiyo ina umri wa nyanya yako tu, labda hata nyanya yako ni mkubwa wake.

Sasa njoo ziwani. Takawiri ni kisiwa kidogo cha Homa Bay, unapanda boti Mbita ukielekea upande wa Mfangano. Watu wanakijua kwa mchanga mweupe na minazi, picha za kuposti. Ni eneo la Abasuba, watu ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu na ambao mababu zao walitoka upande wa Uganda. Kwa vizazi vingi wameishi na kuoana na Waluo, mpaka leo wengi wao wanaongea Dholuo. Ndiyo maana majina ya vyakula nitakayotumia hapa ni ya Kiluo.

Kwenye boma la zamani la Kiluo, kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake na ghala lake la nafaka. Mwenye boma naye alikuwa na duol, kibanda karibu na zizi la ng'ombe. Jioni wanaume na wavulana walikutana hapo, wakaota moto, wakaongea mambo ya ukoo. Chakula kilitoka kila nyumba. Mke wa kwanza analeta chake, wa pili analeta chake, mke wa mwana naye analeta. Vinawekwa pamoja, vinaliwa pamoja.

Hiyo ni potluck, kaka. Tena ilikuwa na akili kuliko ya kwenye video, juu ilikuwa pia bima. Kama nyumba moja haikuvuna vizuri, mvulana wake bado alikula duol, na hakuna aliyemuuliza chakula cha kwao kiko wapi. Mgeni akipita, anakaa, ananawa, anakula. Njaa ya nyumba moja haikutangazwa.

Sasa jiulize: huyo mke alipika saa ngapi? Alfajiri yuko shambani. Baadaye anateka maji, anatafuta kuni, anaanika samaki, mtoto yuko mgongoni. Hakuna vile angefika jioni aanze kila kitu kutoka sufuri. Kwa hivyo vyakula vingi vya ziwa vimeundwa kuanzwa jana, juzi, hata wiki iliyopita. Hapo ndipo utaalamu wenyewe ulipo.

Chukua osuga, ile mnavu ambayo Nairobi tunaita managu. Ni chungu. Ukiipika na kuila papo hapo, mtoto wa mjini atakimbia. Mpishi wa ziwani anaichemsha, anamwaga maji, anatia maziwa, anaacha ikae. Kesho anairudisha motoni na maziwa mengine. Uchungu unapungua, maziwa yanakuwa mazito, na siku ya pili au ya tatu ndiyo inaiva kabisa, unamalizia na samli. Huku kurudisha motoni kila siku kulikuwa ndiyo friji yao: mboga inachemka vizuri, haiharibiki. Akeyo, yaani saga, inapikwa hivyo hivyo. Wewe umefundishwa kwamba mboga ya jana ni kiporo cha aibu. Kwa osuga, mboga ya jana ndiyo yenyewe.

Halafu kuna obambla. Samaki akitoka majini kwa jua la Takawiri, una masaa machache tu kabla hajaharibika. Basi anapasuliwa, anafunguliwa kama kitabu, anatiwa chumvi, anaanikwa. Pwani wana ng'onda, wazo ni lile lile. Obambla inakaa wiki kadhaa. Siku ya wageni unailoweka, unaiosha, unaichemsha na nyanya na kitunguu, wengine wanaongeza maziwa au njugu za kusaga. Kazi ngumu ilifanywa na jua siku nyingi zilizopita. Nyama ya ng'ombe nayo ina njia hiyo, inaitwa aliya: inakatwa vipande virefu, inakaushwa, inangoja shughuli.

Na omena, usiidharau. Inavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazoivuta juu. Asubuhi wanawake wanaianika ufuoni. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, kwa hivyo ile iliyokaushwa mapema ndiyo inabeba nyumba miezi hiyo.

Mwisho nyoyo, mahindi na maharagwe, ndugu wa githeri. Unachemsha leo masaa mengi, kesho unakaanga na kitunguu. Inabebeka kwa chochote, hata mfuko wa plastiki. Kenya nzima ilithibitisha hilo Agosti 2017 tulipomwona Githeri Man kwenye foleni ya kura.

Lakini hata nyoyo ina historia ndani yake. Mahindi si ya zamani sana kama nafaka kuu ya ziwa. Kuon, yaani ugali, wa zamani ulikuwa wa mtama na wimbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa pesa. Wanaume wakaondoka kutafuta mshahara: reli, miji, baadaye mashamba ya majani chai Kericho. Wanawake wakabaki na shamba lote. Mtama unataka watoto wa kufukuza ndege mchana kutwa, na watoto sasa walikuwa wanaenda shule. Hindi limejifunga maganda, ndege hasumbui sana. Mahindi yakashinda, na sababu kubwa haikuwa utamu. Mikono ilikuwa imepungua.

Duol nayo ikapungua hivyo hivyo. Wanaume wako mbali, wavulana wako shule za bweni, boma limegawanyika. Nani atakaa kwenye kile kibanda jioni?

Samaki pia walibadilika. Reli ilifika Kisumu 1901. Mwaka 1905 nyavu za kisasa zikaingia ziwani, na ngege, yule samaki mtamu wa asili, akawa bidhaa ya kupakiwa. Akavuliwa mpaka akapungua. Miaka ya 1950 na 1960 mbuta akaletwa, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa. Viwanda vikaja, minofu ikaenda Ulaya, na watu wa ziwa wakauziwa mifupa yenye kichwa. Tukaiita mgongo wazi. Fikiria hiyo. Watu waliokuwa wanaweka samaki mzima kwenye mduara wa duol walibaki kukaanga mifupa. Omena nayo, siku hizi nyingi inaishia kwenye chakula cha kuku na mifugo.

Kwa hivyo mtu akikwambia vijana wameacha vyakula vya nyumbani kwa sababu ni wavivu, mwambie asome kidogo. Kodi, reli, nyavu na viwanda vimefanya kazi hiyo kuliko uvivu wa mtu yeyote.

Habari njema ni kwamba mambo yanarudi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba hizi mboga tulizoziita magugu zina lishe kubwa. Mwaka 2021 UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Managu na saga sasa ziko supamaketi, na bei yake si ya magugu tena.

Sasa ile kasoro niliyosema.

Duol ilikuwa tamu, lakini angalia nani alikuwa ameketi na nani alikuwa amebeba. Wanawake walipika vyote, wakapeleka vyote, halafu wakarudi kula nyumbani na watoto wadogo. Kuku, chakula cha heshima kuliko vyote, kwa desturi mwanamke alimpika na hakumla. Yaani potluck ya kwanza tunayoweza kujivunia ilikuwa ya watu ambao hawakushika sufuria, wakilishwa na watu ambao hawakukaa kwenye mduara.

Na usiseme hiyo ni ya zamani. Angalia sherehe yako ya mwisho na mabeshte. Madem walikuja na pilau, chapati, saladi, wamepika tangu jana. Maboy walikuja na nini? Soda mbili na spika. Au walituma mia mbili kwa simu na kuandika "nimechangia". Halafu sufuria zikiisha, nani alibaki kuosha?

Maoni yangu ni haya. Turudishe vyakula vya duol, tusirudishe mpangilio wake. Ile akili ya kupika mapema ilizaliwa na wanawake ambao hawakuwa na muda. Wewe kaka ambaye una muda wa mechi mbili Jumapili huna kisingizio, tena vyakula hivi ni rahisi kabisa. Ijumaa nunua managu mafungu manne na maziwa lita moja. Chagua majani, osha, chemsha, mwaga maji, tia maziwa, pika polepole. Ikipoa weka kwenye friji. Jumamosi rudisha motoni, ongeza maziwa, ichemke vizuri. Jumapili pasha, tia samli kijiko, funika sufuria, panda matatu. Ukiogopa managu, chemsha nyoyo. Ukiwa na doh kidogo, tafuta obambla kwa mama anayeuza samaki wa Homa Bay, mwambie akuonyeshe iliyokauka vizuri.

Ugali mwachie mwenye nyumba, juu ugali haungoji mtu. Ndiyo kitu pekee kwenye hii orodha kinachotaka moto wa saa hiyo.

Na sheria ya mduara iwe moja tu: aliyekuja kula amekuja na sufuria. Kama mwezi umekuwa mgumu na huna kitu, njoo tu, ukae, unawe, ule, hakuna atakayekuuliza. Hiyo sehemu ya duol tunaibeba vile ilivyo. Lakini kama unaweza na hutaki, vyombo vinakungoja pale kwa sinki.