Kamera za kompyuta na za mtandao: Jinsi ya kuzichagua na kuzitega palipo na ukungu

TIMBOROA, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, umekaa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na kilomita chache tu kutoka mstari wa Ikweta. Usiku huko ni wa baridi kali, na ukungu hutanda mara nyingi kuanzia jioni hadi asubuhi.

Mazingira hayo ndiyo mtihani mkubwa wa kamera za usalama ambazo wenye maduka, maghala ya viazi, vituo vya maziwa na nyumba za kupangisha wanazidi kuzitundika ukutani. Kamera iliyoonyesha picha safi dukani Eldoret adhuhuri huenda isionyeshe chochote ila weupe mtupu saa nane usiku Timboroa, saa ambayo mwizi huipenda zaidi.

Kosa hilo mara nyingi halitokani na bei ya kamera. Hutokana na kununua chombo kabla ya kujiuliza swali ambalo chombo hicho kitatakiwa kulijibu, na mahali kitakapofanyia kazi.

AINA MBILI, KAZI MBILI

Kamera ya kompyuta huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB au huwa imejengewa ndani ya kipakatalishi. Haiwezi kufanya kazi peke yake. Kompyuta ikizimwa, nayo imezimika.

Kamera ya mtandao ina kompyuta ndogo ndani yake. Ina anwani yake kwenye mtandao, hutuma picha yenyewe kupitia waya au Wi-Fi, na yaweza kutazamwa kwa simu kutoka mbali.

Kamera ya kwanza kujulikana kwa kazi ya aina hii ilitegwa mwaka wa 1991 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ili watafiti wajue kama birika la kahawa lina kitu kabla ya kupanda ngazi. Picha zake ziliingizwa kwenye intaneti mwaka wa 1993, na ilizimwa Agosti 2001. Kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa madukani ilitolewa na kampuni ya Axis ya Uswidi mwaka wa 1996.

Nchini Kenya, matumizi ya vyombo hivi yalipanuka baada ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009. Janga la Covid-19 la mwaka wa 2020 nalo liliifanya kamera ya kompyuta kuwa chombo cha lazima kwa walimu, mawakili na mahakama zilizoanza kusikiliza kesi kwa njia ya video.

KAMERA YA KOMPYUTA

Kwa mikutano na masomo, kamera yenye upana wa pikseli 1,920 kwa kimo cha 1,080 inatosha. Anayeongeza zaidi ya hapo hulipia picha ambayo mara nyingi programu ya mkutano huipunguza kabla ya kuituma.

Mwanga una uzito kuliko kamera yenyewe. Dirisha au taa iwe mbele ya uso, wala si nyuma ya mgongo. La sivyo anayezungumza ataonekana kama kivuli. Lenzi nayo iwe sawa na kimo cha macho, hata ikibidi kuinua kipakatalishi kwa vitabu.

Sauti isisahauliwe. Wasikilizaji huvumilia picha iliyofifia, lakini sauti inayokatikakatika huvunja mkutano. Mkutano ukiisha, lenzi ifunikwe kwa kifuniko au kipande cha karatasi.

KAMERA YA MTANDAO: SWALI LA KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, mnunuzi aamue kama anataka kujua kuwa mtu amepita, au anataka kumtambua mtu huyo. Hayo ni mahitaji mawili tofauti.

Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za usalama kinaeleza kuwa pikseli 25 kwa kila mita ya eneo linalopigwa zinatosha kuonyesha kuwa kuna mtu. Kumtambua mtu asiyejulikana kwa sura kunahitaji pikseli 250 kwa mita, yaani mara kumi zaidi.

Kwa hesabu hiyo, kamera ya pikseli 1,920 inaweza kutambua sura katika eneo lisilozidi upana wa mita saba na nusu hivi. Ikiwa ina lenzi ya milimita 4, inayotazama pembe ya nyuzi 80 hivi, upana huo hufikiwa mita nne na nusu tu kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 6, yenye pembe ya nyuzi 50 hivi, husogeza mpaka huo hadi mita nane.

Maana yake ni kwamba kamera moja iliyotundikwa juu ya paa ili ione ua mzima wa ghala itaonyesha kwamba gunia limebebwa, bali haitasema ni nani aliyelibeba. Kwa hiyo ni heri kamera moja pana ya kutazama ua, na nyingine ya karibu mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia hana budi kupita. Ya mlangoni isipande juu mno, isije ikapiga picha za kofia badala ya nyuso.

UKUNGU NA GIZA

Kamera nyingi huona usiku kwa taa ndogo za infraredi zilizozunguka lenzi, ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho ya binadamu. Penye hewa kavu, taa hizo hufanya kazi vizuri. Penye ukungu, mwanga wake hugonga matone ya maji yaliyo hewani na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi.

Madereva wa barabara hiyo wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Anayewasha taa kamili ndani ya ukungu huona ukuta mweupe mbele yake. Anayezishusha huona barabara.

Dawa ya kamera ni hiyo hiyo. Taa za ndani ya kamera zizimwe, na taa nyingine, ya kawaida au ya infraredi, itundikwe mita kadhaa kando ikimulika mlango wenyewe badala ya kumulika hewa iliyo mbele ya lenzi. Aidha, kamera isogezwe karibu na kinacholindwa, kwa kuwa kadiri umbali unavyopungua ndivyo ukungu ulio katikati unavyopungua.

Taa inayowaka mtu anapopita ina faida ya ziada: humshtua mwizi na kuiwezesha kamera kuona rangi ya mavazi, ambayo picha ya infraredi haionyeshi.

Unyevu nao ni adui. Kamera ya nje iwe na kiwango cha kinga cha IP66 au IP67, na mahali waya unapoungana pafungwe ndani ya kisanduku kisichopenyeza maji. Kamera isizimwe mchana kwa nia ya kuokoa umeme, maana joto lake dogo ndilo linalozuia mvuke kuganda ndani ya kioo. Kila baada ya majuma machache lenzi ipanguswe, kwani buibui hupenda kutanda utando mbele ya taa zinazovutia wadudu.

JUA LA IKWETA

Kwa kuwa Timboroa iko karibu na Ikweta, jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Kamera iliyoelekezwa mashariki hupofuka asubuhi watu wanapofungua maduka, na ya magharibi hupofuka jioni wanapoyafunga.

Inapowezekana, kamera ielekezwe kaskazini au kusini na kuinamishwa kidogo. Isipowezekana, mnunuzi atafute kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli katika picha moja.

WAYA, INTANETI NA DISKI

Waya ni wa kuaminika kuliko Wi-Fi. Kamera nyingi hupokea umeme na kutuma picha kwa waya mmoja wa mtandao, ambao urefu wake usizidi mita 100. Wi-Fi ifikiriwe pale ambapo waya haupitiki.

Picha ya pikseli 1,920 iliyobanwa kwa kawaida hutumia takriban megabiti mbili kwa sekunde. Hiyo ni karibu megabaiti 900 kwa saa, au gigabaiti 21 na ushei kwa siku. Kamera nne hujaza diski ya terabaiti moja kwa siku 11 hivi. Mbinu mpya ya kubana picha iitwayo H.265 hupunguza mzigo huo kwa karibu nusu.

Kwa anayetegemea data ya simu, kutuma picha zote kwenye hifadhi ya intaneti ni gharama isiyobebeka. Njia ya busara ni kunasa kila kitu kwenye diski iliyo hapo hapo, kisha kutuma simuni arifa na vipande vifupi pale kamera inapoona mtu. Mashine ya kunasia isiwekwe kwenye kaunta; ifungiwe mahali pa siri, kwa maana mwizi mwerevu huondoka nayo.

UMEME NA RADI

Mfumo unaozimika pamoja na umeme hulinda mchana tu. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi, na ni usiku kama huo ambapo kamera huhitajika zaidi.

Kamera nne, mashine ya kunasia na ruta kwa jumla hutumia wati 50 hivi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huziendesha kwa takriban saa 12. Paneli ya sola yaweza kuichaji, ila ukubwa wake ukadiriwe kwa siku za mawingu.

Milingoti ya chuma na nyaya ndefu za nje ziwekewe kinga dhidi ya radi na kuunganishwa na ardhi na fundi wa umeme aliyehitimu.

NENO LA SIRI NA SAA

Oktoba 21, 2016, tovuti kubwa zikiwemo Twitter na Netflix zilishindwa kufikiwa na watumiaji wengi nchini Marekani. Shambulizi hilo lilifanywa kwa kutumia kamera, ruta na mashine za kunasia za watu wa kawaida zilizotekwa na programu iitwayo Mirai. Programu hiyo ilijaribu tu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 ambayo wenye vyombo hawakuwahi kuyabadilisha.

Kwa hiyo, jambo la kwanza baada ya kuwasha kamera ni kubadilisha neno la siri, na mwenye mali afanye hivyo mwenyewe baada ya fundi kuondoka. La pili ni kusasisha programu ya ndani ya kamera. La tatu ni kuhakikisha kuwa ruta haijafunguliwa njia ya kuingilia kamera moja kwa moja kutoka nje.

Saa ya kamera ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti na ifuate saa ya Afrika Mashariki. Ikumbukwe kuwa kamera huandika 02:14 pale shahidi anaposema saa nane na dakika 14 usiku. Tofauti hiyo ielezwe mapema katika taarifa kwa polisi, isije ikageuka kuwa utata mahakamani.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Matumizi ya nyumbani pekee yamesamehewa. Kwa biashara mambo ni tofauti: kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha huo hauhusu shughuli za kuzuia uhalifu, ikiwemo uendeshaji wa kamera za usalama.

Mwenye kamera anapaswa kuweka ilani inayosomeka, kutozielekeza kwenye nyumba ya jirani, kutozitega vyooni wala vyumba vya kubadilishia nguo, na kufuta picha muda wa kuzihitaji ukipita.

Kusambaza picha mitandaoni kuna hatari yake. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Picha ya mshukiwa wa wizi ipelekwe kituo cha polisi, si kwenye kundi la WhatsApp. Umma huhukumu haraka, na kamera yenye ukungu huweza kufananisha watu.

Ili picha ikubalike mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyopatikana na chombo kilichotumika. Nakala ihifadhiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu diski ikijaa hufuta picha za zamani ili kupisha mpya.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Majaribio yasifanywe mchana. Mwenye mali amtume mtu anayemfahamu apite mlangoni usiku wenye ukungu, kisha atazame kilichonaswa, wala si kinachoonekana moja kwa moja kwenye skrini. Umeme uzimwe kwa makusudi, na saa ilinganishwe na ya simu.

Ikiwa sura ya mpita njia huyo haitambuliki na mtu anayemjua, haitatambuliwa na hakimu asiyemjua. Hapo kazi ya fundi haijaisha.