Uvimbe wa Kizazi katika Historia ya Uzazi ya Kajiado

Historia ya uzazi katika nyanda za Kajiado imeelezwa mara nyingi kwa upande wa mila, yaani tohara, ndoa na baraka za wazee, na ni nadra kuelezwa kwa upande wa maradhi yaliyokaa tumboni pamoja na mimba. Mojawapo ya maradhi hayo ni faibroidi, uvimbe usio wa saratani unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi, ambao waweza kubaki mdogo kiasi cha punje ya harage au ukakua hadi tumbo la mwanamke asiye na mimba likaonekana la miezi mitano. Uvimbe huo hustawishwa na homoni za kike ziitwazo estrojeni na projesteroni, na ndiyo maana huota katika miaka ya kuzaa na kunywea hedhi inapokoma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 huwa wameupata wafikapo umri wa miaka 50, wengi wao bila kuhisi lolote. Wanawake wa Kajiado wa zamani nao hawakuwa wameepushwa nao. Kilichobadilika katika muda wa miaka mia moja na ushei ni nani anayeuona, unaonekana lini, na mjamzito anafanyiwa nini baada ya kuonekana.

Kwa Wamaasai, ambao nchi yao ilienea tangu Mto Athi hadi ng'ambo ya mpaka wa Namanga, mimba ilikuwa amana ya wanawake wenyewe chini ya uangalizi wa enkaitoyoni, yaani mkunga, mama wa makamo aliyejifunza kazi kwa kuwasaidia wakunga waliomtangulia. Mkunga huyo alitumia viganja: alilikanda tumbo kwa mafuta, akatafuta kichwa na mgongo wa mtoto, na mtoto akiwa amekaa vibaya alijaribu kumgeuza kidogo kidogo. Desturi iliyowashangaza zaidi wageni ilikuwa ile ya kumpunguzia mjamzito chakula katika miezi ya mwisho, akanyimwa maziwa mazito na mafuta, na mara nyingine akanyweshwa dawa za miti za kumtapisha, ili mtoto azaliwe mdogo na apite kwa urahisi. Waandishi wengi wa afya wameilaumu desturi hiyo, na kweli mama na mtoto waliweza kudhoofika kwa sababu yake. Lakini mahali ambapo hapakuwa na mpasuaji hata mmoja, mtoto aliyekwama alimaanisha vifo viwili, na mtu aliyejua hivyo hakuwa akifanya jambo la kipuuzi alipochagua mtoto mdogo. Baada ya kujifungua mzazi alirudishiwa nguvu kwa mafuta ya kondoo na kwa damu ya ng'ombe, chakula chenye madini ya chuma ambayo mwili uliovuja damu huyahitaji sana.

Uvimbe ulipokuwamo, maarifa hayo ya viganja yalifika ukomo wake. Fundo gumu lililo upande wa nje wa kizazi laweza kuchukuliwa kuwa kichwa cha mtoto au pacha wa pili, na lililo chini, karibu na mlango wa kizazi, humzuia mtoto asishuke hata awe mdogo namna gani, kwa hiyo kule kujinyima chakula kote hakukumfaa mama wa namna hiyo. Faibroidi iotayo kuelekea ndani ya mfuko huzuia mimba isishike au huiharibu changa, na hapo jambo lilitoka mikononi mwa mkunga likaingia katika ibada. Mwanaanthropolojia Paul Spencer, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Wamatapato, ambao ni sehemu ya Wamaasai waishio kusini mwa Kajiado, alieleza mikusanyiko ya wanawake waliotoka kwa makundi, wakiimba na kudai baraka ya uzazi kwa wazee, na wanaume hawakuthubutu kuwapinga. Mikusanyiko hiyo haikuweza kuuondoa uvimbe, ila iliweka wazi mbele ya umma kwamba kukosa mtoto na kupoteza mimba ni jambo la jamii nzima, wala si aibu ya kufichwa na mke mmoja ndani ya nyumba yake. Wanawake wengi wa mjini leo, wanaoficha uvimbe wao hata kwa wakwe, hawana msaada wa aina hiyo.

Wakati wakunga wa Kajiado walipotegemea viganja, Ulaya na Marekani zilikuwa zikiujua uvimbe huu polepole. Daktari wa London Matthew Baillie aliueleza mwaka 1793, Rudolf Virchow wa Ujerumani akathibitisha katikati ya karne ya 19 kwamba ni tishu ya misuli, na mwaka 1844 ndugu wawili wa Pennsylvania, Washington na John Atlee, wakafanikiwa kuutoa kwa kulipasua tumbo na kuuacha mfuko wa uzazi mahali pake. Hata hivyo, kwa muda mrefu tiba ya kawaida ilikuwa kuuondoa mfuko mzima. Aliyepigania sana kuuhifadhi alikuwa Victor Bonney wa London, ambaye mkewe mwenyewe aliondolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi na ndoa yao ikabaki bila mtoto. Kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya upasuaji wa kuhifadhi kizazi kiliwaongoza madaktari kwa miaka mingi.

Isidhaniwe kwamba kisu kiliingia Afrika Mashariki pamoja na bendera ya Uingereza. Mwaka 1879 msafiri wa Kiingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mama akipasuliwa ili mtoto atolewe: mpasuaji alimnywesha pombe ya ndizi, akaitumia pombe hiyohiyo kuosha mikono yake na tumbo la mama, akazuia damu kwa chuma cha moto, akalifunga jeraha kwa pini za chuma na kulibandika dawa ya mizizi, na Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye mama na mtoto walikuwa hai. Ujuzi huo haukuwafikia Wamaasai, na serikali ya kikoloni nayo haikuharakisha kuwaletea wake. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwaondoa katika malisho yao bora na hatimaye kuwasukuma wote katika hifadhi ya kusini, ambayo ndiyo iliyozaa wilaya za Narok na Kajiado. Reli ya kwenda Magadi ikapita Kajiado kwa ajili ya magadi ya ziwani. Hospitali kubwa zilikuwa Nairobi, ile iliyoanzishwa mwaka 1901 ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na ya wazazi ya Pumwani iliyofunguliwa mwaka 1926. Mama aliyeshikwa na uchungu Mashuuru au Magadi hakuweza kuzifikia kwa miguu.

Badiliko kubwa kuliko yote lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mnamo Julai 1955 daktari wa wanawake wa Glasgow, Ian Donald, alipakia katika buti za magari mawili faibroidi na vifuko vya maji vya ovari alivyokuwa amevitoa kwa wagonjwa, akavipeleka katika kiwanda cha kutengeneza mitungi ya mvuke huko Renfrew, ambako mafundi walikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kuchunguza nyufa ndani ya chuma. Kiwanda nacho kilitoa pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mwangwi uliorudi kutoka katika faibroidi ulitofautiana waziwazi na ule wa vifuko vya maji, na Donald akatambua kwamba kilichokuwa kimefichika ndani ya tumbo chaweza kuonekana bila kisu. Mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet, na humo mlikuwa na habari za mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika, kumbe alikuwa na kifuko kikubwa cha ovari, akapasuliwa na kupona. Basi mashine ambayo leo kila mjamzito wa mji wa Kitengela, Kajiado, huijua kwa jina la ultrasaundi ilijaribiwa kwanza juu ya uvimbe huuhuu, kabla haijawa chombo cha kumtazama mtoto.

Kitengela yenyewe ilizaliwa kwa kugawanywa kwa ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliweka malisho ya Kajiado chini ya ranchi za kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na wanachama walioandikishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela, katika nchi ya Ilkaputiei, sehemu nyingine ya Wamaasai, ikakatwa kuwa mashamba ya watu binafsi, nayo yakaanza kuuzwa. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, eneo la Athi River likajengwa jirani kabisa, na Marekani ilipofungua soko lake kwa mavazi ya Afrika mwaka 2000 viwanda vya nguo viliajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana waliopanga vyumba Kitengela. Watu wa kaunti nzima waliongezeka kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019. Wageni hao hawakuja na mkunga wa ukoo wao, na walianza kuzaa wakiwa na umri mkubwa kuliko mama zao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Kufikia mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Kwa kuwa kila uzazi hupunguza uwezekano wa kupata faibroidi na kila mwaka wa umri huuongeza, mwenye mimba ya kwanza akiwa na miaka 34 huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao kuliko bibi yake aliyekuwa na watoto sita katika umri huohuo. Mji uliwaletea wanawake mashine ya kuuona uvimbe, na papo hapo uliwaletea maisha yanayoupa nafasi ya kuota.

Katika kliniki za wajawazito dalili ya kwanza mara nyingi hutolewa na utepe wa kupimia. Muuguzi huupima urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, akauandika katika kijitabu cha mama na mtoto, na kwa kawaida sentimita huwiana na wiki za mimba. Mimba ya wiki 20 ikisoma sentimita 28, ama tarehe si sahihi, ama kuna pacha, ama maji yamezidi, ama kuna uvimbe. Picha ikichukuliwa, kinachohitajika kujulikana ni mahali ulipo, kwa maana mahali pana uzito kuliko ukubwa: ulio nyuma ya kondo la nyuma waweza kulibandua kabla ya wakati, na ulio chini huziba njia. Faibroidi nyingi hazikui sana wakati wa mimba, na baadhi hupungua. Chache hukosa damu ya kutosha, sehemu ya ndani ikafa na kugeuka nyekundu, hali inayoleta maumivu makali ya mahali pamoja, mara nyingi katika mwezi wa nne hadi wa sita, pengine pamoja na homa kidogo. Mama huogopa kwamba mimba inatoka, ilhali tiba ni kupumzika, maji na parasetamoli, na maumivu hutulia kwa siku chache. Dawa za jamii ya ibuprofeni huepukwa katika miezi ya mwisho kwa sababu zaweza kuudhuru moyo wa mtoto. Kuupasua uvimbe katikati ya mimba huepukwa kwa hofu ya kuvuja damu. Zipo pia dawa za miti zinazouzwa kwa ahadi ya kuuyeyusha, na juu ya hizo ni haki kusema kwa ukali: hakuna iliyothibitishwa kuuyeyusha, na kuzinywa mtu akiwa na mimba ni kuihatarisha mimba yenyewe.

Mkutano wa kimataifa wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987 uliielekeza dunia kwenye vifo vya wazazi, na hatua zilizofuata nchini Kenya zilikuwa nyingi: huduma za kujifungua bila malipo katika vituo vya umma kuanzia Juni 2013, mwaka uleule kaunti zilipokabidhiwa afya, mpango wa mwaka 2015 wa kukodi vifaa vya hospitali, zikiwemo mashine za picha, na bima mpya ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya ile ya zamani Oktoba 2024. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha mara moja kabla ya wiki ya 24. Ushauri huo hutekelezeka Kitengela, ambako vibao vya ultrasaundi vimejaa kando ya barabara ya Namanga. Kaunti ina takriban kilomita za mraba 21,900, na mbali na barabara hiyo mkunga wa kijijini bado ndiye wa kwanza kulishika tumbo. Mwenye faibroidi kubwa yuko katika hatari zaidi ya kuvuja damu baada ya kuzaa, kwa kuwa misuli yenye uvimbe haijikazi vizuri, kwa hiyo anapaswa kujifungulia mahali penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Mkunga wa kijijini atakayelitambua fundo na kumpeleka mapema huwa ameifanya nusu ya kazi, na ingefaa afundishwe na kuheshimiwa kwa ajili hiyo badala ya kukatazwa tu.

Juu ya kumtoa mtoto kwa upasuaji, kanuni iliyofundishwa kwa vizazi vya madaktari ilikuwa kutougusa uvimbe isipokuwa ule wenye kikonyo au unaozuia njia, na ripoti za karibuni kutoka Nigeria, Uturuki na China zimeitikisa kwa kuonyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vyema, mikononi mwa wapasuaji wazoefu, huweza kutolewa uvimbe papo hapo. Kwa walio wengi uvimbe hubaki, ukanywea kwa kiasi katika miezi ya baada ya kujifungua. Hapo ndipo kumbukumbu za kliniki zinapokatika, kwa sababu kuanzia wiki ya sita kijitabu huwa cha chanjo na uzito wa mtoto, na picha iliyoonyesha uvimbe hubaki imekunjwa ndani yake bila mtu wa kuiuliza, mpaka mimba nyingine inapoingia.