Mvua ya Nani, Hasara ya Nani? Funzo kutoka Bustani ya Mboga Usambara

Nianze na shamba lenyewe. Ni robo tatu ya ekari, bondeni, katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto. Kaka yangu alilirithi kwa marehemu baba, nami nimekula, nimevaa na nimesoma kwa kabichi, karoti na nyanya zilizotoka humo. Kwa hiyo ninapoandika juu ya mkulima mdogo siandiki juu ya mtu wa mbali.

Msomaji atakumbuka vuli ya mwaka 2022. Mvua zilichelewa na zikawa haba, hata Dar es Salaam maji ya bomba yakatolewa kwa mgao kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimeshuka. Kule bondeni kwetu mfereji ulibaki na maji ya kuloanisha nyayo tu. Majirani waligawana zamu za kumwagilia, wengine usiku wa manane, na kabichi zilizosalia zilifunga vichwa vidogo ambavyo mnunuzi alivitazama kwa dharau. Mwaka uliofuata mambo yakapinduka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kuwa kulikuwa na El Niño na kwamba mvua za vuli zingezidi wastani. Utabiri ulitimia. Nyanya alizopanda kaka mwezi Oktoba zilipatwa na bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na unyevu. Alipopuliza dawa asubuhi, mvua iliiosha mchana. Alipofanikiwa kuvuna kidogo, gari halikuweza kushuka hadi bondeni kwa matope, na matenga yakaozea kando ya njia.

Nilimuuliza kwa nini alipanda nyanya ilhali utabiri aliusikia redioni. Akanijibu: “Mdogo wangu, mbegu na dawa nilikuwa nimeshakopa kwa mnunuzi. Yeye anataka nyanya, hataki utabiri.”

Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu vya historia. Tumezoea kuambiwa kuwa tatizo la mkulima mdogo ni kukosa taarifa. Kaka yangu taarifa alikuwa nayo. Alichokosa ni uwezo wa kuitii. Hapo swali linageuka, kwa kuwa mbingu hazijawahi kumwadhibu mkulima zikiwa peke yake. Katika kila zama palikuwa na utaratibu wa kijamii ulioamua mvua ikiharibika nani atalaumiwa na nani atalipa.

Katika ufalme wa Washambaa, uliokuwa na makao yake Vugha, jibu lilikuwa wazi. Simba Mwene, yaani mfalme, alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Watu walimtolea kodi ya mifugo, mazao na nguvu kazi, naye alipaswa kuiponya nchi, jambo ambalo kwa Kishambaa huitwa kuzifya shi. Njaa ilipoingia ilisemwa kuwa nchi imeharibiwa, kubana shi, na kidole kilielekezwa juu, kwa mtawala. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikumbukwa kwa vizazi kama mfalme ambaye enzi zake nchi ilikuwa nzima. Baada yake warithi wakagombana. Mwanawe Semboja, aliyejiimarisha Mazinde chini ya milima ilikopita misafara ya biashara, alipigana na ndugu zake, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wazee walizieleza vita na njaa za wakati huo kwa neno lile lile: nchi imeharibiwa.

Sisemi kwamba mfalme aliweza kuleta mvua, wala sitamani kurudi katika ufalme ambao mtu aliweza kuuzwa. Ninachosema ni kwamba wakulima wale walikuwa na nadharia ya siasa. Waliunganisha mvua na uwajibikaji: anayepokea kodi wakati wa neema hana budi kujibu wakati wa ukame. Zaidi ya hayo walikuwa na bima yao wenyewe. Familia ililima migomba mlimani na kuwa na shamba jingine chini nyikani, ili upande mmoja ukikosa mvua, mwingine uokoe.

Ukoloni uliivunja mihimili hiyo miwili. Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa mwaka 1895. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, sehemu za misitu zikatengwa, walowezi wakapewa ardhi, na mashamba ya mkonge yakaenea katika nyika zilizo chini ya milima. Mkulima akasukumwa kwenye miteremko, familia zikaongezeka juu ya ardhi ile ile, na udongo ukaanza kuchoka. Utawala wa Waingereza ulipouona mmomonyoko haukuuliza nani aliyebanwa na kwa nini. Ulimlaumu mkulima kwamba hajui kulima.

Mwaka 1946 ukaanza mradi wa Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa ukawa mradi wa Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, na aliyekaidi alishtakiwa na kutozwa faini. Kitaalamu, wazo la kuzuia udongo usichukuliwe na maji halikuwa la kijinga. Lakini kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake. Mavuno hayakuongezeka kwa kadiri ya jasho, na wengi walihofu kuwa baada ya matuta ardhi ingechukuliwa. Machifu waliotekeleza amri hiyo walionekana kuwa wameacha kuiponya nchi na sasa wanaiharibu. Hasira hiyo iliifaa TANU, na kabla ya muongo wa 1950 kwisha mradi ulikuwa umekufa. Kule Uluguru, ambako matuta pia yalilazimishwa, ghasia zilizuka mwaka 1955.

Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa mwaka 1963. Ulistahili kufutwa. Hata hivyo ulipoondoka, swali lake la zamani halikupata mrithi: nani anajibu nchi ikiharibika? Vyama vya ushirika vingeweza kuwa jibu, lakini navyo serikali ilivivunja mwaka 1976, na vilipokuja kurejeshwa kwa sheria ya 1982 vilikuwa vimepoteza nguvu na imani ya watu. Soko huria lilipofika, mkulima wa mboga alisimama mbele yake akiwa peke yake.

Tuitazame basi hali ya leo kwa jicho hilo. Muuza pembejeo hulipwa mvua inyeshe isinyeshe. Dalali wa mjini huchukua ujira wake kwa kila tenga lililouzwa, bei ipande au ishuke. Ushuru wa mazao hudaiwa kizuizini bila kuuliza kama msimu ulikuwa wa neema au wa msiba. Lumbesa, ingawa imekatazwa na sheria ya vipimo, bado inamnyang’anya mkulima sehemu ya gunia kabla hata gari halijaondoka. Kila mmoja katika mnyororo huu ana njia ya kumsukumia mwenzake hasara, isipokuwa yule wa mwisho, mwenye jembe. Na akianguka tunamwandalia semina ya kilimo bora, kana kwamba tumerudi mwaka 1946.

Sipuuzi elimu ya kilimo. Ndiyo kazi ya wenzangu vyuoni. Mbegu inayostahimili ukungu ni jambo jema, na utabiri wa Mamlaka umekuwa wa msaada mkubwa. Lakini utabiri bila mkopo wenye masharti ya haki ni sawa na kumwonya mtu kuwa nyumba inaungua huku umemfungia mlango. Ushirika unaomilikiwa kweli na wakulima, mizani inayoheshimiwa, barabara ya kijiji inayopitika masika na vuli, na bima ya mazao inayomfikia mwenye robo tatu ya ekari: haya ndiyo matambiko ya zama zetu ya kuiponya nchi. Yanagharimu fedha, na fedha hizo hutoka kwa hao hao wanaolipa ushuru.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimkuta kaka akitayarisha kitalu. Deni la vuli ile bado hajalimaliza, na mnunuzi yule yule ndiye aliyemletea mbegu. Nilimuuliza anatarajia mvua ya namna gani msimu huu. Alitazama mlimani, akasema kwamba mvua yoyote itakayokuja ataipokea, kwa sababu hana wa kumpelekea malalamiko.

Babu zake walikuwa naye. Alikuwa Vugha, na walimlipa kodi.