JINA NI LA NANI?

Juma hili tuzungumze juu ya jina. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini biashara ya siku hizi imetufundisha kwamba hata chema, kama jina lake halikuandikishwa, chaweza kuuzwa na mtu mwingine.

Turudi nyuma hadi mwaka 1994, huko Marekani. Wakati huo intaneti ilikuwa bado ni kitu cha vyuo vikuu na wataalamu. Anwani zake, zile zinazoishia kwa .com, ziligawiwa bure, na kanuni ilikuwa ile ya kisimani: anayewahi ndiye anayeteka. Hapakuwa na karani wa kumwuliza mwombaji, "Jina hili ni lako kweli?"

Mwandishi wa habari mmoja, Joshua Quittner, akagundua kwamba mcdonalds.com halikuwa na mwenyewe. McDonald's tayari ilikuwa na migahawa zaidi ya 10,000 duniani. Akaipigia simu kampuni kuuliza kama inalitaka. Hakupata jibu la maana. Basi akaliandikisha mwenyewe, akajipa anwani ya barua ya ronald@mcdonalds.com, kwa jina la yule mchekeshaji wa matangazo ya kampuni. Kisha akayaandika yote katika jarida la Wired la Oktoba 1994, akiwauliza wasomaji alifanyie nini jina hilo.

Hapo ndipo wakubwa walipozinduka. Quittner hakutaka fedha za mfukoni. Alitaka shule moja ya umma ya Brooklyn isaidiwe kuunganishwa na intaneti. Kampuni ikakubali kutoa dola 3,500, ikapewa jina lake.

Si wote waliokuwa waungwana namna hiyo. Ulanguzi wa majina ukashamiri. Oktoba 1999 mtu mmoja wa California aliandikisha worldwrestlingfederation.com, jina la kampuni mashuhuri ya mieleka, na siku tatu baadaye akaitaka kampuni hiyo ilinunue kwa dola 1,000. Kwa bahati yake mbaya, Desemba mwaka huo utaratibu mpya wa kuamua mashauri ya namna hiyo ulianza kazi. Shauri likapelekwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki, lenye makao yake Geneva. Likawa la kwanza kuamuliwa, Januari 2000, na mlanguzi akaamriwa kuliachia jina.

Utaratibu ule, ambao ungali unatumika, humtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu: kwamba anwani inafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyeichukua hana haki nayo, na kwamba aliichukua na kuitumia kwa nia mbaya.

Ndugu msomaji, litazame sana lile la kwanza. Kampuni ya mieleka ilishinda kwa sababu ilikuwa na alama ya biashara, wala si kwa sababu ya ukubwa wake. Asiye na alama anaanza shauri akiwa mikono mitupu.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mama mmoja wa Kariakoo anauza vitenge kwa njia ya simu. Amelipia anwani inayoishia kwa .co.tz, na anacho cheti cha jina la biashara kutoka BRELA. Anadhani amemaliza. La hasha! Anwani ni mahali pa kupatikana, na cheti kile hueleza tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Alama ya biashara huombwa peke yake, kwa aina ya bidhaa inayotajwa. Kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na akitaka kuilinda Zanzibar, lazima aiandikishe huko pia, kwa kuwa daftari la huko ni jingine.

McDonald's ilichelewa, lakini ilikuwa na alama yake na wanasheria wake. Usingizi wake uliigharimu dola 3,500 tu. Mama wa Kariakoo akilala, ataamka akute jina alilolijenga kwa jasho la miaka limebandikwa kwenye mzigo wa mwingine, naye ndiye anayeambiwa athibitishe kwamba si mwigaji.

Kabla hujachora kibao, kapekue daftari. Jina likiwa wazi, liandikishe siku hiyo hiyo.