Tendi za Enanga na Santuri Zisizotosha

Enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya wa Kagera, huanzia kwenye kipande kimoja cha mti. Fundi hukichonga kwa tezo mpaka kikawa chombo kirefu chenye kina kifupi, kisha hukata meno kwenye ncha zake mbili. Uzi ni mmoja tu. Hupitishwa kwenye jino la upande huu, ukavutwa hadi upande wa pili, ukarudi, ukaenda tena, mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane zilizolala sambamba. Zamani uzi huo ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Mpigaji huukaza, husikiliza, hukaza tena, na hapo wasikilizaji wanaojua mambo huanza kusogeza vigoda vyao.

Kinachofuata si wimbo wa dakika tatu. Utenzi wa enanga kama ule wa Rukiza au wa Kachwenyanja ni kisa kizima: kuna mashujaa, wafalme, safari na vita, na mpigaji hubadilisha sauti kila kisa kinapogeuka. Ataimba, ataghani, ataacha kuimba asimulie kwa maneno matupu huku vidole vikiendelea kutembea juu ya nyuzi, kisha atarudi kwenye kiitikio ili waliokaa naye wapokee. Waliokaa naye huchangia: wanaitikia, wanamsifu, wanamtaka arudie pale palipowagusa. Mbele ya watu wenye nafasi na rubisi ya kutosha, kisa kinaweza kula sehemu kubwa ya jioni.

Sanaa hiyo ilikuwa na walezi. Katika falme za Wahaya, kuanzia Kiziba mpakani na Uganda, kupita Kyamutwara na Kianja, hadi Ihangiro ambayo leo sehemu yake kubwa ni Wilaya ya Muleba, wapiga enanga walipata nafasi kwenye kikale (ikulu) cha Omukama, yaani mfalme, na kwenye nyumba za wakubwa. Waliwasifu watawala, lakini pia walikumbusha nasaba na ugomvi wa kale. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta uchifu mwaka 1963, ukumbi mkuu wa sanaa hiyo uliondoka. Enanga ikabaki harusini na kwenye vilabu vya pombe.

Swali la kihistoria ni hili: urithi huo umehifadhiwa wapi, na kwa umbo gani? Jibu linasikitisha kidogo, kwa sababu vitabu vimefanya kazi kubwa kuliko santuri.

Karatasi zilianza mapema. Mwaka 1910 Kapteni Hermann Rehse, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Bukoba, alichapisha Stuttgart kitabu kinene juu ya Kiziba, nchi na watu wake. Baadaye mwenyeji mwenyewe akashika kalamu. Francis Xavier Lwamgira, aliyekuwa katibu wa baraza la Abakama (wafalme), aliandika kwa Kihaya historia ya Kiziba na wafalme wake, na kitabu hicho kikachapishwa mwaka 1949. Mwisho wa miaka ya 1960 kilitafsiriwa kwa Kiingereza Makerere, na tangu hapo mtafiti wa historia ya Kagera hawezi kukikwepa. Lakini hivyo ni vitabu vya habari za falme. Sauti yenyewe haimo.

Muziki ulifuatwa na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuishi kusini mwa Afrika, ambaye mwaka 1950 alizunguka Tanganyika na gari lililojaa mitambo ya kurekodia. Alipitia kabila baada ya kabila, Wahaya wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Miaka mingi baadaye, Michael Baird, mpiga ngoma mzaliwa wa Zambia anayeishi Utrecht, Uholanzi, alizitoa upya rekodi za Tracey kwa mfululizo wa sidii chini ya kampuni yake ya SWP. Mbili kati ya hizo ni za Tanganyika ya 1950, moja ya ala na moja ya sauti.

Kazi ya Baird ni ya kuheshimiwa. Alisafisha sauti, akaandika maelezo, akarudisha sokoni muziki ambao kabla yake ulijulikana na wataalamu wachache. Hata hivyo rekodi nyingi za Tracey ni za dakika chache. Alikusanya sampuli: ala hii inalia hivi, kabila lile linaimba vile. Kwa ngoma ya kuvuna au wimbo wa kubembeleza mtoto, dakika tatu zinatosha. Kwa utenzi wa enanga ni kama kusoma ukurasa mmoja uliochanwa katikati ya riwaya.

Nchi nyingine zimeujua mkasa huu wa wimbo mrefu na sahani fupi, na zikapata dawa. Kundi la King Crimson la Uingereza lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1969 ikiwa na nyimbo tano tu kwa pande zote mbili, na roki ya aina hiyo ikajenga jina lake juu ya nyimbo zisizokubali kukatwa. Santuri ile imetolewa upya mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2009 ilipotimiza miaka 40 na tena 2019 kwa miaka 50, pamoja na vipande vya studio vilivyokuwa vimeachwa. Sid Smith aliandika kitabu kizima juu ya kundi hilo mwaka 2001, kisha akakipanua mwaka 2019. Msikilizaji ana sauti mkono mmoja na kitabu mkono wa pili.

Dar es Salaam nayo imeionja dawa hiyo. John Storm Roberts alitoa mkusanyiko wa muziki wa dansi wa Tanzania mwaka 1987, ukafuatiwa na Dada Kidawa mwaka 1995. Werner Graebner naye amezipeleka Ulaya bendi nyingi za zamani kupitia mfululizo wa Zanzibara. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zote za Sunburst, kundi la roki ya Kiafrika lililotamba Dar es Salaam miaka ya 1970 na kutoa albamu yake, Ave Africa, mwaka 1976. Kwa Sunburst, kundi la albamu moja, kufanyiwa hivyo baada ya miaka 40 ni heshima kubwa, na ni haki yao. Enanga ya Bukoba na Muleba haijapata kifurushi cha namna hiyo.

Imepata wasomi, na hapo ndipo utajiri ulipo. Peter Seitel, Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1980 kitabu cha hadithi zao, See So That We May See. Mistari yake imekatwa kufuata pumzi na mapumziko ya msimulizi, hivyo hata anayesoma kimya anaweza kuhisi wapi sauti ilisimama. Mwaka 1999 akatoa The Powers of Genre, kinachochambua methali, hadithi na tendi za mashujaa za Wahaya.

Aliyelivalia njuga jambo lenyewe ni Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera na mwandishi wa Mukwava wa Uhehe. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alikuwa ameandika katika kitabu chake cha fasihi simulizi kwamba utenzi wa kishujaa, kwa maana kamili, hauonekani kuwa jambo la kawaida Afrika. Isidore Okpewho wa Nigeria alimjibu mwaka 1979. Mulokozi akaingia na ushahidi wa nyumbani: makala ya 1983 iliyouliza kama wapiga nanga (yaani enanga) wa Tanzania ni wasanii wa tendi, kisha tasnifu ya 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya tendi za nanga za Wahaya, na mwaka 2002 kitabu cha The African Epic Controversy kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Hakubishana kwa nadharia peke yake. Alisikiliza wapigaji, akaandika maneno yao, akaonyesha muundo wa tendi hizo. Kwa hoja hiyo, mwanamume aliyekaa na chombo cha nyuzi nane kwenye kilabu cha kijijini aliingizwa katika mjadala uleule unaomhusu Homer. Ni moja ya kazi bora kabisa zilizopata kuandikwa juu ya sanaa ya Kagera, na inastahili kusomwa shuleni Bukoba na Muleba, si vyuoni tu.

Mkoa wa Kagera umewahi pia kuonyesha kwamba wimbo wa Kihaya hauhitaji tafsiri ili upendwe. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba aliyekuzwa na FM Studios, alitoka na Maria Salome, na kanda zake zikauzwa kwenye vibanda vya nchi nzima na kuvuka mipaka, kwa watu wengi wasiojua neno la Kihaya. Septemba 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny aliufufua wimbo huo kwa jina la Salome. Vijana waliokuwa bado kuzaliwa kanda ya kwanza ilipotoka wakaanza kuutafuta wa asili, na mwaka 2017 Saida mwenyewe akarudi na Orugambo. Soko, basi, lipo.

Mfano wa kufuata uko jirani. Nairobi, studio ya Ketebul ya Tabu Osusa ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, kitabu, sidii na filamu katika jalada moja. Mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul ni mshirika wake, ulisaidia ILAM kuwarudishia Wakipsigis rekodi ambazo Tracey alizichukua kwao mwaka uleule wa 1950, ukiwamo wimbo maarufu wa Chemirocha. Wazee waliozisikia wakaanza kutaja nani alikuwa nani.

Rekodi za Wahaya ziko kwenye rafu za maktaba hiyohiyo ya ILAM. Ombi la kuzirudisha linaweza kuandikwa na halmashauri, na makumbusho ya Bukoba, hata na shule moja ya Muleba yenye mwalimu mwenye ari, kisha wazee wa Ihangiro na Kiziba wakaketi kuzisikiliza na kutaja majina. Juzuu ya kwanza haihitaji nyimbo 20. Inatosha utenzi mmoja, tuseme Kachwenyanja, uliorekodiwa bila kukatwa kuanzia uzi unapokazwa hadi kiitikio cha mwisho, pamoja na kelele za wasikilizaji. Maneno ya Kihaya ukurasa wa kushoto, Kiswahili ukurasa wa kulia, na jalada likataja jina la mpigaji, kijiji chake na fundi aliyemchongea enanga.